Uzi maalumu: Kujiandaa na 42 za Moshi kwa sisi wa mtaani, tusio na kocha wala muda

Tizi la Alfajiri

Wakuu, heshima mbele.

Kila mwaka ukielekea ukingoni swali linarudi lile lile: "Nataka kukimbia kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi, nianzie wapi?" Majibu huwa ya aina mbili. Kuna wa "Mungu akutangulie" na kuna wa kubandika picha ya medali yake. Nimeona nifungue uzi tukusanye kila kitu humu. Wazoefu ongezeni nyama, wapinzani njooni na hoja.

Ninayemwandikia ni mtu wa Dar mwenye ajira na watoto, foleni anaijua, na tayari anaweza kukimbia kilomita 8 au 10 bila kusimama. Kama hujafika hapo, mbio zikifika Februari chukua kilomita 21 na wala si aibu. Kutoka sifuri mpaka 42 kwa miezi mitatu watu wamefanya, ila waulize magoti yao.

Nina jambo moja kubwa, nalisema mapema ili asiyetaka kusoma gazeti aondoke nalo: mazoezini tunakimbia kwa kasi mno. Nenda Daraja la Tanzanite Jumamosi alfajiri ujionee. Mtu anahema, shingo imekaza, macho hayabanduki kwenye saa, anataka isome dakika 5 kwa kilomita apate cha kuweka stetasi. Jumanne kasi hiyo, Alhamisi hiyo hiyo, Jumapili hiyo hiyo. Mwezi wa pili muundi unauma na anatangaza kwamba mbio hazikuumbwa kwa ajili yake.

42 inakimbiwa kwa moyo unaosukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa misuli iliyojaa vijishipa vya damu, na kwa mwili uliozoea kuchoma mafuta ili ubanie wanga. Hayo yanajengwa na kilomita nyingi za taratibu. Akiba ya wanga kwenye misuli na ini ni kama kalori 2,000, na kila kilomita inakula takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wako. Mtu wa kilo 70 akichoma wanga mtupu, akiba inaisha kilomita ya 28 au 29. Ndiyo maana watu wanakata moto wakiikaribia 30. Wala hakuna aliyewaroga, ni hesabu tu, na anayekwenda kasi ndiye anayechoma wanga zaidi.

Kipimo cha taratibu hakihitaji saa. Msimulie mwenzako mechi ya Simba na Yanga ya mwisho, goli kwa goli, kwa sentensi nzima. Ukiona unasema "pale... dakika ya... themanini", punguza. Unakimbia peke yako? Soma aya au imba pambio, watu watakuzoea.

Ratiba yetu ni mara nne kwa wiki. Siku mbili za katikati ya wiki ni dakika 45 mpaka saa nzima, taratibu. Ya tatu ni fupi yenye vilima, na Jumapili ndiyo mbio ndefu. Ndefu inaanzia kilomita 14, unaongeza 2 kila wiki, wiki ya nne unashusha ili mwili upone, halafu unapanda tena mpaka 30 au 32. Hiyo ya mwisho iwe wiki tatu kabla ya Moshi. Baada ya hapo unapunguza mzigo na kulala sana, hata roho ikikuuma kwamba unasahau mbio. Husahau kitu.

Vilima Dar vipo kwa anayetafuta: Chuo Kikuu Mlimani, Makongo, Goba, na kwa wa huku Gongo la Mboto kuna Pugu mpaka Kisarawe. Anayejiandaa na Moshi kwa kuzunguka Coco Beach peke yake anajidanganya. Kwa nini, nawaachia wenyeji wa kule waeleze.

Kiazi Kitamu

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu.

Ila mkuu, hii si chai kweli? Nikifanya tizi taratibu, kasi ya siku ya mbio itatoka wapi? Klabu yetu ya jogingi huku Temeke tunakwenda na nyimbo, filimbi na bendera, na kiongozi akipandisha wimbo wote tunapandisha mwendo. Miaka yote tuko fiti.

Vumbi la Iten

Kiazi, hujambo. Mimi ni mwalimu tu huku Elgeyo Marakwet, Kenya, si mwanariadha, lakini nawaona kila asubuhi. Marehemu Kelvin Kiptum alipokimbia 42 kwa saa 2:00:35 kule Chicago mwaka 2023, kila kilomita kwa wastani ilimchukua chini ya dakika 2 na sekunde 52. Sasa watu wa daraja lake ukiwakuta Iten asubuhi wakianza mbio nyepesi, utashangaa. Wanaanza kama wazee wanaotoka ibadani, wanapiga soga, hata wewe unawapita. Baada ya nusu saa mwili umepata moto na huwaoni tena.

Kasi wanayo, lakini ina siku yake. Alhamisi huku ni fatleki, umati mzima barabara ya vumbi, dakika moja unafyatuka, dakika moja unapoa. Siku ya mbio nyepesi ukimwona mtu anawania kuwa wa kwanza, huyo ni mgeni.

Nyimbo zenu endeleeni nazo. Kama unaweza kuimba ukikimbia basi mwendo wako uko sawa, ni kipimo kile kile cha Tizi.

Kiazi Kitamu

Aisee. Kwa hiyo kiongozi wetu ni kocha bila kujijua. Ila akipandisha wimbo wa Yanga hapo ndipo kasheshe, hata wazee wanafyatuka.

Mwana Mweka

Wenyeji tumefika. Nimezaliwa njia hiyo hiyo mnayoilia kila Februari, nimeshagawa maji, nimeshakimbia, nimeshasukuma watu wapande pikapu.

Mnaanzia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nusu ya kwanza ya 42 inakupeleka barabara kuu ya kuelekea Dar na kukurudisha mjini. Tambarare, kuna kaubaridi, Kibo kiko wazi bila wingu, miguu mipya, watu wanashangilia. Hapo ndipo wageni wanapouza mechi. Wanapita 21 kwa saa mbili kamili, wanaona leo ni leo.

Halafu njia inageuka kuja kwetu Mweka. Kutoka mjini mpaka kule juu mnakogeuzia, kwenye kilomita ya 31 au 32, ni kupanda tu. Mwinuko wote ni takriban mita 300. Kwa mtu wa gari si kitu, kwa mtu mwenye kilomita 25 mguuni ni kesi nyingine. Haupandi kwa mpigo mmoja, unapanda, unalainika kidogo ukidhani umemaliza, unakata kona unaona mwingine. Migomba na kahawa huku na huku, watoto wanakimbia nawe wakiwa na kandambili na wanakuacha. Jua nalo limeshatoka. Nimewaona watu wa mazoezi mazito, wenye saa na miwani, wamekaa kwenye ukingo wa mfereji wanaangalia viatu vyao.

Ushauri wangu: panga kuipita tambarare ukijiona unabaki nyuma. Nakupa namba. Ukitaka kumaliza kwa saa nne na nusu, wastani ni dakika 6 na sekunde 24 kwa kilomita. Wengi wanaanza na 5:40 "kuweka akiba". Akiba hiyo mlima unaichukua yote na riba juu. Anza na 6:15, ukifika mlimani kubali 7 au 7:30, mwisho utashuka.

Tizi la Alfajiri

Mwana Mweka umemaliza. Niongeze hapo hapo kuhusu subira. Mwanariadha wetu Alphonce Simbu alivyochukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo mwaka jana, 2025, alimaliza kwa 2:09:48, muda ule ule na Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Kilomita 42 nzima mtu yuko na kundi, hana papara, anatoa alichobakiza mita za mwisho uwanjani. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha imepatikana kwa mtu kutokuwa na haraka. Halafu wewe unataka kumwaga kila kitu kabla ya kurudi mjini Moshi.

Jongoo Mwendo

Wakuu, mimi ni wa dakika 7 na nusu kwa kilomita, na sijifichi. Kilomita 32 mazoezini kwangu ni saa nne. Nitafika nyumbani watu wanakula chakula cha mchana. Kweli ni lazima?

Na swali la pili, hewa ya Moshi. Wanasema oksijeni ni ndogo kule.

Mnyoosha Viungo

Jongoo, la hasha. Mimi ni mfiziotherapia na nakimbia pia. Kwa mtu wa mwendo wako, mbio ndefu pima kwa muda, acha kilomita. Saa tatu, tatu na nusu ukizidisha sana, basi. Zaidi ya hapo faida inayoongezeka ni ndogo na uchovu unaobaki ni mkubwa, unakula wiki nzima inayofuata. Ukitaka kupoza roho, Jumamosi jioni kimbia saa moja halafu Jumapili alfajiri piga saa tatu juu ya miguu iliyochoka.

Hewa ya Moshi usiihofu. Mji uko chini ya mita 1,000, Iten ya Vumbi iko kwenye 2,400. Kitakachokusumbua Moshi ni jua na mlima. Na kwa jua, mtu wa Dar una bahati: mwili huchukua kama wiki mbili kuzoea kukimbia kwenye joto, na wewe joto unalo bure mwaka mzima. Anayetoka Iringa au Ulaya ndiye wa kujipanga.

Sasa niseme yangu, maana msimu huu ndio wateja wanaanza kunijia.

Maumivu ya misuli yaliyoenea, mguu mzima mzito, hayo ni ya kawaida, yanaisha siku mbili tatu. Ogopa maumivu ya nukta moja. Pitisha kidole kwenye mfupa wa muundi taratibu kutoka juu kwenda chini. Ukifika mahali padogo, upana wa shilingi, ukaruka, na pakawa panauma hata usiku umelala, acha kukimbia siku hiyo hiyo nenda ukaonwe. Huo unaweza kuwa mfupa unaoanza kupata ufa. Ukiupumzisha mapema unapona kwa wiki kadhaa, ukiulazimisha unavunjika kabisa.

Kisigino kinachouma hatua za kwanza ukitoka kitandani halafu kinaachia, hicho ni utando wa unyayo. Kanyaga ngazi kwa nusu ya mguu, shusha kisigino taratibu, pandisha, kila siku. Pia acha kutembea pekupeku kwenye marumaru kwa muda.

Na jambo la dawa. Kila mwaka kuna watu wanameza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ya mbio "kwa tahadhari". Msifanye hivyo. Ukiwa umekaukiwa maji na damu imekimbilia misuli, figo tayari ziko kwenye shida, na dawa hizo zinazibana zaidi. Ukimaliza mbio ukaona mkojo una rangi ya soda nyeusi, usiende kusherehekea, nenda hospitali.

Mtu akishaumia humu lazima mmoja amtaje John Stephen Akhwari. Mzee wetu yule tunamheshimu, Mexico 1968 aliumia goti akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, na dunia inamkumbuka. Lakini yule alikuwa Olimpiki, anaiwakilisha nchi. Wewe ni kilomita ya 12 Goba, Jumanne, unaiwakilisha nani? Panda bajaji urudi nyumbani.

Kiazi Kitamu

😂😂 Unaiwakilisha nani. Nimecheka mpaka bosi kageuka.

Bi Mkubwa wa Mbweni

Wanangu hamjambo. Nina miaka hamsini na kitu, nimeanza kukimbia baada ya daktari kunitisha na sukari, sasa wanangu ndio wananitisha nipunguze. Naomba niseme mawili ambayo wanaume hamuyaoni.

La kwanza ni usalama. Saa kumi na moja alfajiri mwanamke peke yake barabarani si jambo la kusema "jitahidi". Sisi tumejikusanya wanne, tunapitiana majumbani, asiyetoka anapigiwa simu mpaka aamke. Tunakimbia upande wa kulia ili gari linalokuja tulione usoni, na kila mmoja ana kizibao cha rifleta kama cha bodaboda. Mbwa akitoka getini hatukimbii, tunasimama, tunatembea, tunaongea naye kwa sauti nzito. Anaboreka anarudi. Kwenye soksi kila mmoja ana noti ya elfu mbili, ya maji au ya bodaboda.

La pili ni vazi. Sidiria ya michezo ndiyo ununue mpya kabla ya kitu chochote, ikubane sawasawa, na sehemu zote zinazosuguana paka mafuta mazito ya mgando: chini ya ukanda wa sidiria, kwapani, mapajani. Wanaume nanyi chuchu, msione haya. Nimemwona baba mtu mzima Moshi na fulana nyeupe ina michirizi miwili ya damu.

Raba nanunua mtumba Karume na sijutii. Ila usidanganywe na jina lililoandikwa ubavuni. Igeuze, tazama soli imelika upande gani. Bonyeza lile povu la kisigino kwa kidole gumba, likiwa gumu na lina mikunjo ubavuni, limeshakufa hata kama juu inang'aa. Ukivaa, mbele kubaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kwa sababu mguu unavimba ukikimbia muda mrefu. Zile kucha nyeusi mnazojivunia ni raba ndogo tu, hakuna ushujaa.

Tizi la Alfajiri

Bi Mkubwa, shikamoo. Hapo kwenye kucha umetugusa wengi.

Bi Mkubwa wa Mbweni

Marahaba mwanangu. Vaa namba inayokutosha.

Abuu Swaumu

Assalaam alaykum. Naona hakuna aliyegusa hili. Ramadhani ya mwakani, 2027, inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Mbio za Moshi kwa kawaida ni mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi. Kwa hiyo zinaingia katikati ya mfungo. Tufanyeje sisi?

Tizi la Alfajiri

Wa alaykum salaam. Mazoezi yenyewe wala si tatizo kubwa. Wiki nzito ni Desemba na Januari, zinaisha kabla ya mwezi kuandama, na Ramadhani inaangukia kwenye wiki za kupunguza mzigo. Hizo mbio fupi zilizobaki zipige dakika 40 kabla ya magharibi ili ukimaliza ufuturu moja kwa moja, au baada ya tarawehe.

Siku yenyewe ndiyo mtihani. Msafiri ana ruhusa yake, lakini hilo muulize shekhe wako.

Mnyoosha Viungo

Upande wa mwili nitasema wazi: 42 kwenye jua la Moshi bila tone la maji, hapana. Kama umeamua kufunga siku hiyo, kimbia ile fupi ya kilomita 5 na familia, halafu Julai nenda Dodoma, nako kuna 42 na hali ya hewa ya Julai kule ni ya baridi. Mazoezi yako hayapotei, unayasogeza mbele tu.

Abuu Swaumu

Dodoma inaniingia akilini. Shukran, na mke atafurahi kuona nipo nyumbani futari zote.

Jongoo Mwendo

Bado chakula. Zile jeli za pakiti bei yake moja ni sahani ya wali maharage na soda.

Tizi la Alfajiri

Jeli si lazima. Unachohitaji ni gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa, mwili haujali zimetoka wapi. Tende ndogo tano ni karibu gramu 30. Ndizi mbivu moja ya wastani vilevile. Kinywaji changu: nusu lita ya maji, vijiko vitatu vya chakula vya sukari, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, kamulia ndimu. Tende nazitoa kokwa usiku, nazifunga kwenye karatasi ya nailoni mbilimbili, maana kilomita ya 27 huna akili ya kuanza kutema kokwa. Anza kula mapema, dakika ya 40 hivi, usingoje njaa.

Sharti ni moja: chochote utakachokula Moshi uwe umeshakila kwenye mbio ndefu za Jumapili. Tumbo halipendi mgeni siku hiyo. Jioni ya kuamkia mbio kula wali au ndizi zako za kawaida mapema, nyama choma iache mpaka umalize. Najua uko Moshi, najua inanukia.

Maji kunywa kwa kiu. Kuna watu wanakunywa kila kituo vikombe vitatu kwa woga. Maji mengi kupita kiasi yanashusha chumvi ya damu, na hilo limeua watu kwenye mbio za mbali.

Kiazi Kitamu

Nimejiandikisha 21. Msinitazame hivyo, uzi wenyewe umeniambia si aibu. Swali la mwisho kwa Mwana Mweka: kule juu mkishageuka, kilomita 10 za kuteremka si raha tupu?

Mwana Mweka

Raha kwa kilomita mbili. Kuteremka ndiko kunakovunja mapaja ya mbele, kila hatua unafunga breki na uzito wote. Wengi misuli inawakaza hapo wakati mlima waliumaliza salama. Kwa hiyo mkienda Pugu au Mlimani msipande tu halafu mkarudi mkitembea. Teremkeni mkikimbia, hatua fupi za harakaharaka, kifua mbele kidogo, msijivute nyuma.

Na gesti wekeni nafasi sasa hivi. Wiki ile Moshi inajaa, watu wanalala mpaka Boma Ng'ombe halafu alfajiri wanahangaika na usafiri. Tafuta chumba unachoweza kutembea kwa miguu mpaka uwanjani, na umwambie mhudumu kabla hujalala kwamba utaondoka saa kumi na moja, la sivyo utakuta geti limefungwa na mlinzi anakoroma.